Vifaranga Wasio na Manyoya

Darasani mwalimu akiniuliza swali, jibu huwa ninalo, ila linakwama kooni. Ndiyo maana likizo ikifika nakimbilia kwa Bibi, karibu na Ilula, ambako kuku hawaniulizi kitu.

Likizo ile kulikuwa na kipya: bwawa la samaki nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimemsumbua Mjomba siku nyingi alichimbe, akakubali kwa sharti moja. "Wakifa, nafukia, napanda nyanya." Na hakuwa anatania. Kitalu chake cha miche ya nyanya kilikuwa palepale pembeni, kinasubiri msiba.

Vifaranga wa perege walikuja kwa basi kutoka Chimala, kwenye mifuko yenye maji na hewa, wadogo kama kidole changu cha mwisho. Bibi aliposikia neno "vifaranga" alifurahi kama aliyeletewa kuku. Majirani nao walikuja kushangaa, tukawa tunawapitisha samaki mkono kwa mkono kabla ya kuwaachia bwawani. Kila asubuhi Bibi alisimama ukingoni na kopo la pumba, akiita kama anavyoita kuku wake: "Kurukuruku! Kurukuruku!"

Baada ya siku chache samaki wakaanza kuwa na madoa mekundu ubavuni. Mapezi yalichanika kama khanga ya jikoni. Wawili wakaelea. Mjomba alipita na jembe begani, akatazama miche yake tu.

Kesho yake nilimkuta Bibi ukingoni na ndoo. Ndani kulikuwa na shubiri iliyopondwa pamoja na pilipili, dawa anayowawekea kuku kwenye maji ya kunywa mdondo ukiingia.

"Kamwene, Bibi," nikamsalimu. "Hiyo ya nini?"

"Kamwene. Dawa ya vifaranga. Si wanaumwa?"

"Hiyo ni ya vifaranga wa kuku, Bibi!"

"Kwani hawa ninyi mnawaitaje?"

Kweli, ni sisi wenyewe tuliowaita hivyo. Bibi akainamisha ndoo. Mimi, ambaye sijawahi kumbishia mtu mzima hata kwa macho, nikajikuta nimeng'ang'ania mshikio wake.

"Hawanywi maji kama kuku, Bibi!"

Akaniangalia, akaliangalia bwawa, akaniangalia tena. "Wanaishi majini, halafu hawanywi? Ndiyo mnayofundishwa huko shuleni Mlandege?"

Mjomba, aliyekuwa kwenye kitalu chake, alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa simu. "Haya, mpigie bwana samaki. Mwenye bwawa si wewe?"

Bwana samaki ndiye mtaalamu aliyetuelekeza kuchimba. Simu ikapokelewa, sauti yangu ikapotea.

"Haloo? Nani huyo? Ongeza sauti, binti, au na wewe uko chini ya maji?"

Aibu ikanifanya nipige kelele. Nikamweleza yote, hadi majirani.

"Mliwashika kwa mikono mikavu?"

"Ndiyo."

"Basi mliwavua nguo. Ule ute unaoteleza ndio kinga yao ya kwanza. Ukitoka, bakteria wanapata mlango." Akasema ndani ya mwili kuna seli nyeupe zinazokimbilia jeraha bila kuuliza adui ni nani. Kinga ya kumkumbuka adui, ile inayotegemewa na chanjo, hukomaa baadaye. "Hao wako bado hawajaanza shule. Hawamjui adui kwa jina, wanapigana tu. Wasaidie wasichoke. Maji safi, chakula kidogo, na wagonjwa watenge kwenye maji yenye chumvi kidogo."

"Kutenga najua!" Bibi akadakia, maana simu ilikuwa kwenye spika.

Akaleta beseni la bluu. Tuliwachota wagonjwa kwa bakuli, bila kuwagusa, kisha akalifunika beseni kwa tenga, kama afunikavyo kuku wadogo mwewe asiwachukue. Mjomba alicheka tena. Jioni mdiria, ndege mla samaki, akatua juu ya lile tenga, akachungulia kila tundu, akaondoka na njaa yake. Mjomba akaenda kulikaza tenga.

Hawakupona wote, lakini waliobaki madoa yao yalififia, na mapezi yakaota ncha mpya, nyembamba kama ganda la kitunguu.

Asubuhi ya kurudi shule Bibi alirusha pumba, akaita, "Kurukuruku!" Maji yakachemka kwa midomo. Kuku nao walikuja mbio, wakasimama ukingoni, shingo upande, wakiwashangaa wenzao walioitikia kutoka majini.

Mjomba alikuwa nyuma yetu, miche ya nyanya mkononi.

"Sasa hii niipeleke wapi, mwenye bwawa?"

"Kule juu, yalikovunwa mahindi," nikasema, kwa sauti iliyowafikia hata majirani.

Akaenda.