Kazi Yako ni Pasi Tu

Kwenye duka la dobi alikofanya kazi walimwita Taratibu, na jina likamganda mpaka mama yake mzazi akaanza kulitumia. Alikuwa mpiga pasi. Muda ambao mwenzake alimaliza mashati mawili, yeye alimaliza moja. Alianza na ukosi, upande wa ndani kwanza, akaja mabega, kisha mikono, kisha mgongo, na sehemu ya vifungo akaiacha mwisho, kwa sababu ndiyo inayotazamwa na watu. Mvuke ulimpanda usoni kutwa nzima. Jioni alitoka pale amelainika kama nguo alizozinyoosha.

Watu walipomtazama hawakudhani kwamba ni mtu wa gemu. Lakini alikuwa nayo nyumbani, mashine ya zamani aliyoinunua kwa fundi redio, na gemu alilolipenda lilikuwa la mtu wa posta. Unabeba mkoba wa barua, unapanda vilima, unatafuta nyumba. Hakuna anayekufukuza. Mvua ikinyesha unaweza kusimama chini ya kibaraza mpaka ikatike, na mzee mwenye nyumba akatoka akakuuliza habari za ng'ambo ya mlima. Taratibu aliweza kukaa pale kibarazani robo saa nzima, padi ya kuchezea imelala mapajani, akiisikiliza mvua.

Aliwahi kulisimulia gemu hilo kazini. Mfuaji wao, waliyemwita Povu, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema yeye anatumwa na bosi mchana kutwa, akirudi nyumbani hatakubali kutumwa tena na televisheni. Duka zima likacheka, na Taratibu akacheka nao, maana lilikuwa neno zuri.

Povu mwenyewe alicheza lile la kwenye simu, la kufyatuliana risasi, linalochezwa na karibu kila mwenye simu. Alimshawishi Taratibu ajaribu. Taratibu alijaribu siku tatu. Aliteremshwa kwa mwavuli, akaangukia nyumba moja nzuri, akaingia, na kabla hajamaliza sebule akapigwa risasi ya kisogo. Povu akamuuliza alikuwa anafanya nini muda wote ule. Akajibu kwamba alikuwa anaangalia mapazia. Wiki nzima wakamwita Mapazia, halafu wakachoka wakarudi kwenye Taratibu.

Hayo yote hayakumsumbua. Kilichomsumbua kilikuwa gemu la mpira.

Gemu la mpira lilipendwa na kila mtu aliyemjua. Lilichezwa saluni, kwenye maduka ya simu, sebuleni kwa watu wazima wenye ndevu, na yeye alikuwa amelicheza kila Jumapili kwa miaka minane bila kulipenda hata Jumapili moja. Hakupenda kelele zake, zile za mashabiki wasiokauka koo. Hakupenda kwamba ukishinda unaanza upya, na ukishindwa unaanza upya. Siku moja, katikati ya mechi, alimpeleka mchezaji wake mpaka kwenye kona ili awatazame vizuri watu waliokaa jukwaani. Akagundua kwamba nyuso zilikuwa kumi na mbili tu, zimerudiwa rudiwa mpaka juu. Alisimama pale akizihesabu, na huku nyuma sauti ikimpigia kelele: pasi, kaka, piga pasi.

Sauti hiyo ilikuwa ya mdogo wake wa kike. Yeye ndiye aliyekuwa sababu.

Walimwita Kiberiti tangu utotoni, kwa udogo wake na kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa kuwaka. Alikuwa fundi umeme, na wateja walifurahia kwamba fundi umeme wao anaitwa Kiberiti. Lakini hapo mwanzo alipelekwa kusomea uuguzi. Mwaka wa pili aliacha chuo, akarudi nyumbani akasema anataka kujifunza nyaya. Kikaitwa kikao sebuleni kwa mama. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Taratibu, mtoto wa kwanza, ndiye aliyetakiwa kusema kwa niaba yake. Aliwatazama mashangazi na wajomba waliokuwa wakimsubiri, akaona lazima aseme kitu kizito, akamwambia mdogo wake: umetuaibisha.

Miaka miwili hawakusalimiana. Salamu zilipitia kwa mama, kama zilipita kabisa. Mpaka Jumapili moja Kiberiti, ambaye sasa alikuwa ameolewa na ana vyeti vyake vya umeme, akampigia simu. Akasema wamenunua mashine ya gemu, mume wake hajui hata padi inashikwaje, aje wacheze. Taratibu akaenda. Hakuna aliyetaja kikao. Wakacheza upande mmoja dhidi ya mashine, wakafungwa sita kwa bila, na wakati anavaa viatu mlangoni mdogo wake akamwambia Jumapili ijayo asichelewe.

Tangu siku hiyo alilihesabu gemu lile kuwa ndiyo samahani yao, na mtu haikatai samahani kwa sababu ina kelele. Akawa anaenda. Alijifunza vitufe. Alijifunza kusema "tumeonewa" na "refa huyu kanunuliwa." Watu walisema jinsi ndugu hawa wanavyoupenda mpira, na yeye akaitikia kwa kichwa. Kutopenda kinachopendwa na wote ni kazi. Ukinyamaza wanadhani umekubali, ukisema wanadhani unajiona, na ukiwa umenyamaza miaka minane huwezi tena kufungua kinywa bila kuonekana ulikuwa mwongo tangu mwanzo. Yeye aliogopa kitu kimoja tu: kwamba siku atakaposema, mdogo wake atasikia kwamba amerudishiwa msamaha wake.

Wiki ile Kiberiti alipita dukani akaacha jezi mbili, ndogo na kubwa, nambari zimebandikwa mgongoni. Akasema ni za mashindano, akaondoka mbio kwa sababu mteja mmoja alikuwa gizani. Taratibu aliitazama ile kubwa, akajua ni ya kinyozi jirani yao, mtu mwenye tumbo na vidole vyepesi, mchezaji hasa. Jioni ukaingia ujumbe kwenye simu. Ulisema: "Kaka, Jumapili saa nne ukumbini. Ni wawili wawili. Jezi unazo. Wewe kazi yako ni pasi tu, mengine niachie mimi."

Aliusoma mara tatu. Kazi yako ni pasi tu. Kilipanda kifuani mwake kitu ambacho hakukitarajia, kama nafuu ya mtu aliyevua viatu vya kubana. Kwa hiyo mdogo wake alikuwa amejua. Alijua siku zote, na bila kumwaibisha alikuwa amemtafutia nafasi yake: atakuwepo, atakuwa wa upande wao, na atafanya kile anachokiweza.

Hakuwahi kunyoosha nguo kwa furaha ile. Kitambaa cha jezi ni cha kuyeyuka, hakitaki moto, na nambari ikiguswa na pasi inaganda kwenye chuma. Akazigeuza nje ndani, akashusha moto mpaka chini kabisa, akatandika kitambaa cha pamba juu yake, akapita juu juu bila kukandamiza. Povu akamuuliza kama jezi hizo ni za bwana harusi. Jumapili akazibeba kwenye viango vyake, na kwenye mfuko akatia pasi yake ndogo ya safari, kwa sababu jezi hujikunja ukikaa nayo.

Ukumbi ulikuwa chumba kirefu chenye televisheni sita na viti vya plastiki. Kinyozi alikuwa amekaa karibu na mlango. Taratibu akamkabidhi ile kubwa. Kinyozi akaipima kifuani, ikamfika nusu ya tumbo, akasema yeye anacheza na fundi viatu na jezi zao ni za njano. Hapo Kiberiti akatokea, ameshavaa ile ndogo.

"Hiyo ni yako, kaka. Vaa upesi, sisi ni mechi ya pili."

"Yangu? Si ulisema kazi yangu ni pasi?"

"Ndiyo, pasi. Unanipa mimi, mimi nafunga." Kisha akaona waya uliokuwa unaning'inia kwenye mfuko wake, na kichwa cha pasi kimechungulia. Akatazama waya, akamtazama kaka yake.

Kinyozi ndiye aliyesema, kwa sauti ya kusikika mpaka televisheni ya sita: "Jamani, ameambiwa apige pasi, kaja na ya umeme."

Ukumbi ukalipuka. Watu walishikana mabega. Mmoja akauliza kama kuna soketi uwanjani. Kiberiti alicheka kuliko wote, akainama, akafuta machozi kwa kiganja, na alipoinuka alikuta kaka yake hacheki. Alikuwa ameishika jezi kubwa kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa mwingine. Kicheko cha mdogo wake kikaisha polepole. Akamvuta kando, karibu na dirisha.

"Kaka, ulipodhani ni pasi ya nguo, ulijisikiaje?"

Angeweza kusema alishangaa. Neno hilo lilikuwepo, lilikuwa karibu, na lingewapeleka salama mpaka Jumapili nyingine.

"Nilifurahi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nisingecheza."

"Leo?"

"Siku zote."

Kiberiti hakuwaka. Afadhali angewaka. Aliichukua ile jezi mikononi mwa kaka yake, akaikunja, akaenda kwa mwenye ukumbi akamwomba awafute kwenye orodha. Aliporudi kuchukua mkoba wake alisema neno moja tu, miaka minane, akatoka nje na jezi yake mgongoni. Taratibu akabaki dirishani na pasi yake. Nyuma yake mechi ya kwanza ilikuwa imeanza, na nyuso kumi na mbili zilikuwa zinashangilia.

Jumapili iliyofuata hakuna simu iliyopigwa. Wala ya pili yake. Kazini alirudishiwa shati lenye alama ya kahawia chini ya ukosi, la kwanza katika maisha yake ya kazi, na Povu alilifua tena bila kutia neno, jambo lililomwogopesha kuliko kama angetaniwa. Siku nyingine Povu alimshauri ampigie mdogo wake amwambie ulikuwa utani. Taratibu akasema hapana. Ule ulikuwa ukweli wake wa kwanza katika miaka minane, hawezi kuuombea msamaha.

Nyumbani alikuwa na Jumapili nzima ya kwake, kama alivyotamani siku zote. Akamwasha mtu wa posta. Akapanda naye vilima mpaka kijiji cha juu, akasimama kibarazani, mvua ikanyesha, na kwa mara ya kwanza akaiona kuwa ni mvua ya televisheni. Akakaa akifikiri. Kwamba hapendi gemu la mpira, hilo alishalisema na hakulijutia. Lakini kulikuwa na neno jingine, la zamani zaidi, ambalo hakuwahi kulitamka kwa sababu kila Jumapili alikuwa amelituma gemu likamsemee. Sasa gemu limesimama, na neno lilikuwa palepale lilipokuwa.

Jumapili ya tatu alienda bila kuitwa. Shemeji yake ndiye aliyefungua mlango. Akashusha pumzi akamwambia afadhali umekuja, shemeji, wiki mbili nafundishwa kukishika hicho kitu, vidole vimekufa ganzi. Akamwonyesha jikoni kwa kidevu.

Kiberiti alikuwa amesimama juu ya kigoda, bisibisi mdomoni, mikono imezama kwenye soketi iliyofunguliwa. Alimtazama mara moja, akarudi kwenye nyaya.

"Umekuja kufanya nini? Si hulipendi?"

"Nimekuja kwako."

Akatoa bisibisi mdomoni. Akasema, bila kugeuka, kwamba kuwa kaka yake hajui kucheza, hilo alilijua siku ya kwanza, hata kipofu angeliona. Kuwa hapendi, hilo hakulijua, na hivyo ni vitu viwili. Akamuuliza alikuwa anakuja kutafuta nini. Taratibu akasema alipenda kukaa pale. Yeye akajibu kwamba basi angesema anapenda kukaa, viti vipo.

Kigoda kilikuwa kinacheza mguu mmoja. Taratibu akapiga goti, akakishika.

"Ile siku kwa mama," akasema kutoka kule chini, "mbele ya mashangazi. Nilisema umetuaibisha. Nilikosea. Wewe hukutuaibisha. Niliona wananisubiri, nikasema."

Bisibisi ikaendelea kuzunguka kidogo, kisha ikasimama.

"Nilidhani umesahau."

"Sikusahau."

"Mimi nilijiambia, akija kila Jumapili ndiyo ananiambia hivyo."

"Ndiyo nilikuwa nakuambia."

"Sasa nani angesikia, kaka, na zile kelele zote."

Hakusema kwa ukali. Sauti yake ilikuwa imelegea mahali fulani, na alijifanya kutafuta skrubu mfukoni ili asitazamwe. Sebuleni shemeji alizima televisheni, pengine kwa kusikia, pengine kwa kuchoka. Kiberiti akapangusa uso kwa mkono wa shati. Akamwambia akishike kigoda sawasawa, bado kuna skrubu nne na soketi nyingine kule karibu na jiko, na wakati anakaza aseme tena, tangu mwanzo, asiruke kitu.

Taratibu akakaza mikono yake kwenye miguu ya kigoda, akaanza na sebule ya mama, na jinsi viti vilivyokuwa vimepangwa.