Maswali ya Mwalimu Elisante

Elisante alikuwa na ugonjwa wa kupenda kusikilizwa, na hata Dubai haikumponya. Kwao Same alikuwa mwalimu wa sekondari, na kipindi alichokipenda kuliko vyote kilikuwa kile cha hotuba za wahubiri weusi wa Amerika, wale waliodai haki zao barabarani. Weh! Siku hiyo hata darasa la jirani liliacha hesabu likamsikiliza yeye. Aliwaonyesha wanafunzi jinsi msemaji anavyoanza kwa upole, anavyorudia neno lile lile mpaka liwaingie watu mwilini, anavyotaja mlima na jela na mkate ili kila mtu aone kwa macho yake. Na swali la balagha, aliwaambia, haliulizwi ili lijibiwe. Msikilizaji hulijibu moyoni.

Maisha yalipomkaba akaja kulinda maghala ya Jebel Ali, huko Dubai. Kambini walimwita Mwalimu, naye akajivunia jina hilo kupita kiasi.

Mwaka wa 2014 mamake Joachim alilazwa hospitali kule Rombo, na madaktari wakawaambia ndugu waitane. Joachim, aliyelala kitanda cha chini ya Elisante, aliomba ruhusa na pasipoti yake, ambayo ilikaa ofisini kama za wenzake wote. Kila akienda anaambiwa inshallah, kesho. Chakula kikamshinda. Akawa anakaa na simu mapajani, anaiogopa ikilia, anaiogopa isipolia.

"Mwalimu, mama akienda sijamwona, mimi nimekwisha."

"Tulia, mdogo wangu. Meneja akija Alhamisi, nitasema naye mimi."

Gerishom, Mkenya aliyekuwa msimamizi wa zamu yao, alimvuta kando. "Mwalimu, hii maneno enda umwambie kwa ofisi, pole pole. Huyu meneja, Sir Maan, akiwa peke yake si mtu mbaya. Mbele ya watu usijaribu."

Ushauri gani mwingine mtu angetaka? Lakini Elisante alishaanza kuipanga hotuba kichwani. Aliipanga akiwa lindoni, aliipanga akioga. Toka aache ubao hakuwahi kujisikia mtu namna ile.

Alhamisi, saa ya chakula, Sir Maan aliingia ukumbini na mkoba wake kwapani. Elisante akasimama. Alianza vizuri, haki ya Mungu alianza vizuri. Kiingereza safi, sauti ya chini, shukrani kwa kampuni. Akamchora mama kitandani, macho mlangoni, kila akisikia nyayo akidhani ni za mwanawe. "Mother cannot wait," akasema. Akairudia. Alipoirudia tena, meneja aliinamisha kichwa na kuugusa mkoba.

Hapo ndipo angeketi! Lakini ukumbi ulikuwa kimya unamtazama yeye tu, na utamu ukampanda. Akageukia Kiswahili, akageukia wenzake.

"Nani hapa alizaliwa na jiwe?"

Sasa jamani, wale hawakuwa wanafunzi wa kujibu moyoni. Walikuwa watu wa mikesha na mikutano ya injili, Watanzania, Wakenya, Waganda. Ukiwauliza kitu kwa sauti ile, wanakujibu.

"Hakuna!"

"Mama atangoja?"

"Hatangoja!" Wakasimama. Vijiko vikagonga meza. "Tutanyamaza?" "Hatunyamazi!"

Joachim peke yake alibaki ameketi, anatikisa kichwa, anamwambia Mwalimu basi, basi. Nani angemsikia?

Sir Maan hakujua hata neno moja la Kiswahili. Alichokiona ni wanaume ukumbi mzima wamesimama wanapiga kelele na meza, katika nchi ambayo mgomo unamrudisha mtu kwao au kumfunga. Uso ukambadilika. Akamuuliza Gerishom, "Strike?" Gerishom akasema no sir, no sir, wanamwombea mama wa mtu. Nani ataamini kwamba watu wanaomba namna ile?

"Khalas," akasema meneja, yaani basi, imekwisha. Hakuna ruhusa kwa mtu yeyote mpaka ofisi ijue nani amewapanga. Akatoka na mkoba wake.

Jioni Gerishom alikuja mlangoni. Alikuwa na hasira mpaka macho yamelowa. "Pasipoti ya Joachim ilikuwa ndani ya mkoba, Mwalimu. Alikuja nayo. Alitaka kumpa akimaliza kula."

Elisante akapanda kitandani na viatu vyake.

Mama alifariki Jumanne. Joachim alizika kwa simu, sikio limebanwa kwenye kipaza sauti, akisikia kwaya ya kwao ikikatikakatika, halafu udongo, halafu laini ikakata kabisa.

Ijumaa wenzake walikusanyika kumfariji, kama wafanyavyo watu mwenzao akifiwa mbali na kwao. Wakaimba, wakasali. Ilipofika zamu ya neno la faraja, kwa mazoea tu, mtu mmoja akasema, "Mwalimu, tupe neno."

Elisante akainuka. Joachim akanyanyua uso. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kwa mama yangu, wewe usiseme kitu tena."

Elisante akakaa. Wote walimwona akikaa, na hakuna aliyemtetea.