Disk mbili ndani ya kisanduku kimoja: vile nilipoteza picha za mke wangu

Wakuu, habari zenu.

Mimi ni wa kusoma tu humu, huwa siandiki. Lakini juzi member mmoja aliuliza anunue NAS gani ya kuweka picha za familia, watu wakaanza kumtajia models. Nilianza kumjibu pale pale, ikawa ndefu, nikaona nifungue uzi. Haya ni maisha yangu, sijaongeza chumvi.

Mimi naishi Embu, nafanya kazi ya ofisi hapa town. Mke wangu Kendi alikuwa wa Githongo, upande wa Meru. Kansa ilimchukua, akaniachia msichana wetu Makena, ambaye saa hii ako nursery.

Kendi alikuwa mtu wa picha. Chai ikichemka, picha. Mtoto akilala mdomo wazi, picha. Na videos pia, akimwimbia Makena kwa Kimeru huku anafua nguo.

Zote zilikuwa kwa simu yake na kwa laptop ya nyumbani. Hiyo laptop ilikuwa imeanza kutoa sauti kama mtu anakwaruza sufuria.

Baada ya mazishi nikaingiwa na woga. Nilijua hiyo laptop ikifa, sauti ya Kendi imeenda nayo.

Ndio nikaanza kusoma mambo ya NAS. Kwa wasiojua, ni kisanduku cha disks unachounganisha na router, halafu simu na computer zote za nyumba zinaweka vitu humo. Nilisoma kama mtu wa mtihani.

Wengine walisema chukua ya disk moja, ni bei rahisi. Wengine wakasema ya disk mbili, kila picha inaandikwa kwa zote, moja ikikufa nyingine inabaki. Hiyo ya mbili ndiyo ilinituliza roho.

Mambo ya cloud, ya kuweka picha kwa mtandao, nilikataa. Internet yetu ni ya kuja na kwenda, na sikutaka picha za marehemu zikae kwa kitu ya kulipia kila mwezi.

Shemeji yangu Muthomi, kaka yake Kendi, ana duka la simu kule mjini Maua. Nikampigia anishauri.

"Baba Makena, hiyo ni nzuri," akasema. "Lakini ukimaliza niwekee copy kwa hard disk ya kawaida, nikae nayo huku."

Nikamwambia sawa, nikija Easter nitamletea.

Nikanunua. Siku ya kuhamisha picha, Makena alikaa kwa mapaja yangu akiangalia majina ya files yakipita kwa screen. Zikaingia zote.

Laptop ilikufa muda si mrefu baadaye, na sikushtuka hata kidogo. Simu ya Kendi nilikuwa nimeifuta nikampatia mamake Kendi, kwa sababu simu ya huyo mama ilikuwa imeharibika.

Easter ikiwa karibu, mvua ikanyesha, stima ikapotea mchana. Iliporudi, ilirudi na nguvu.

Bulb ya sitting room ikapasuka. TV ikakufa, router ikakufa. Nilipopiga magoti karibu na kile kisanduku nilisikia harufu ya plastiki imeungua.

Fundi wa Embu alishindwa, akanielekeza kwa watu wa data recovery Nairobi, wale wa kuokoa vitu kwa disk zilizokufa. Walikaa na zile disks, halafu jamaa wa hapo akanipigia.

"Boss, zote mbili zimeenda. Hiyo stima ilipitia zote kwa pamoja. Tumebadilisha boards, zile sakiti za nje, lakini ndani hazisomi. Uko na copy mahali pengine?"

Nikamwambia sina.

Kumwambia Muthomi ndio ilikuwa ngumu zaidi. Nikampigia, nikamwambia picha na videos zote zimeenda.

"Hata sauti yake?"

"Hata sauti yake."

Mwanaume mzima akalia, na wateja nawasikia hapo dukani wakiongea.

Nikaanza kuomba ndugu na marafiki wanitumie chochote walicho nacho. WhatsApp ikajaa. Wakuu, karibu zote zilikuwa za mazishi. Jeneza, hema, maua, watu na sahani. Siku hiyo kila mtu alikuwa na simu mkononi. Siku zile zingine zote, mwenye kushika simu alikuwa Kendi.

Hizo sijamwonyesha mtoto.

Mamake Kendi alipata moja tu, watu wakichuma kahawa. Kendi yuko pembeni, ameinamia debe, picha imetoka ukungu na nusu ya uso imekatwa.

Nilimwonyesha Makena.

"Mami anacheka," akasema.

Nimeiangalia hiyo picha mara nyingi. Mdomo hauonekani.

"Ndio," nikamwambia. "Anacheka."

Sasa kwa yule ndugu aliyeuliza: nunua yoyote utakayopenda, lakini disk mbili ndani ya kisanduku kimoja bado ni mahali pamoja. Moto ni mmoja, mwizi ni mmoja, stima ni moja. Copy nyingine iende nyumba nyingine, na uipeleke wiki hii, usingoje sikukuu.

Zile disks nilizirudisha nyumbani, ziko kabatini pamoja na leso za Kendi. Kama kuna mtu humu anajua fundi ambaye bado anaweza kuzijaribu, naomba aandike hapa chini. Na wewe uliyepitia kama haya, ulimwambia mtoto nini?