Programu Iliyogoma Mamba

Baba alikuwa amevaa koti. Mchana wa joto ule, kwenye ghala la mpunga la kijiji cha Mamba, wakulima wamekaa juu ya magunia na mashati yamefunguliwa vifungo, yeye na koti lake, kwa sababu binti yake ndiye aliyekuja kuonyesha mashine. Alitoka kwake Mwamkulu tukasafiri pamoja, ameacha ng'ombe wake kwa jirani.

Aliiita mashine. Ilikuwa programu niliyoiandika chumbani kwangu Shanwe, inayosoma uzito kutoka kwenye mizani na kuuonyesha ukutani kwa tarakimu kubwa. Wakulima walikuwa wamechoka kutajiwa kilo na mtu aliyewapa mgongo.

Mwenzangu niliyeandika naye yuko Dar. Kwa hiyo nilikuwa nimeweka kompaila kwenye seva ya kukodi, kompyuta ya mbali ambayo sote wawili tunaifikia kwa mtandao. Kompaila ndiyo inayogeuza tulichoandika kiwe kitu ambacho kompyuta inaweza kukiendesha. Tukibadilisha hata mstari mmoja, seva inajenga programu upya yenyewe, inaijaribu, kisha inatutumia ujumbe: tayari. Ujumbe ulikuja kabla ya safari. Nikaiweka programu kwenye flashi, nikaondoka.

Mbele ya watu nikaichomeka kwenye kompyuta ya ghala, nikabofya. Dirisha likafunguka, likajifunga. Nikabofya tena. Yakatokea maneno ya Kiingereza kwamba kompyuta imepewa amri isiyoijua.

"Ni umeme," baba akawageukia watu. "Umeme wa huku nao mnaujua."

Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vyetu. Mtu akacheka kule nyuma. Mama mmoja akasema, "Nyie, mwacheni dada wa watu." Ile huruma iliniumiza kuliko kicheko. Baba akaendelea na habari za umeme, mtu ambaye hajawahi kushika kompyuta, na mimi uso umeniwaka, nimeinama najifanya nakagua nyaya.

Kwenye basi baba alilivua koti, akalikunja magotini.

Nyumbani nikaliona kosa. Kompaila ilikuwa imejenga programu kwa ajili ya seva yenyewe, mtambo mpya wenye amri ambazo kompyuta kuukuu ya ghalani haizijui. Na jaribio lilipita kwa sababu lilifanyika hukohuko kwenye seva. Nikabadilisha mpangilio, ijenge kwa ajili ya kompyuta za zamani, ijaribiwe kwenye mazingira kama ya Mamba.

Niliporudi ghalani ilifanya kazi. Wachache waliokuja walizitazama tarakimu, mmoja akaomba gunia lake lipimwe tena. Baba hakuja. Nikampigia simu.

"Imekubali, baba."

"Vizuri, mayu." Ndivyo anavyoniita tangu utotoni, yaani mama. "Siku ile nilikuongezea aibu. Ningekaa kimya tu."

Nilitaka kumwambia kwamba aibu ilikuwa yangu, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyesimama upande wangu. Badala yake nikamuuliza kama mvua imefika Mwamkulu.

"Bado," akasema, akaanza kunieleza habari za malisho.