Mguu wa Mwenyekiti

Shamsia, fundi cherehani wa Mkuyuni, hajasikia sauti tangu augue surua utotoni, lakini ukimuudhi mikono yake itakupa vidonge vyako. Mwezi mzima alizunguka mpaka Butimba akiwabembeleza viziwi wenzake warudi kwenye chama chao wapige kura. Wengi walishasusa: mwenyekiti Muharami hashindwi, twende kufanya nini? Siku ya uchaguzi wakaja hata hivyo, ukumbi ukafurika, na Shamsia akagombea uenyekiti.

Msimamizi, mgeni anayesikia, alitaka kura ya siri, wote wafumbe macho na kunyoosha mikono. Kwa hilo viziwi walikuwa na desturi yao. Mwenyekiti humtazama mkalimani wa lugha ya alama, na kila jina likitajwa hupiga mguu kwenye sakafu ya mbao, wenzake wausikie mtetemo nyayoni. Mtetemo wa kwanza ungekuwa wa Shamsia, wa pili wa Muharami.

Walifumba. Mbao zikatetemeka. Shamsia akanyoosha mkono, kisha akashindwa kujizuia, akafumbua macho aone wangapi wako naye.

Mikono ilijaa ukumbi mzima. Furaha haikumaliza pumzi moja: vidole vya mkalimani vilikuwa vinataja Muharami. Jina lake yeye lilishapita bila mguu kupigwa. Msimamizi alikuwa anahesabu, Muharami anatazama dari.

Kumbe miaka yote walimchagua Muharami hivi hivi. Shamsia akashusha mkono, akainua mguu, akakanyaga mbao mpaka macho yote yakafumbuka, na kila mtu akaona vidole vya mkalimani bado viko kwenye jina la Muharami, na mkono wake mwenyewe uko juu.