Bikira Maria Niliyemtambua Kigoma

Jamani, hii aibu nimeikalia miaka, na mpaka leo nikivuka ziwa kwenda Kigoma, kanisa lile nalipita upande wa pili wa barabara.

Kalemie, kwetu upande wa Kongo, ilikuwa bado inaitwa Albertville, uhuru ungali mbichi, nami karani wa bandari mwenye kalamu mfukoni, nikimtaka Felisi mpaka usingizi unaniruka. Baba yake, Papa Felisi, alikuwa kiongozi wa kwaya, na alitamka wazi kwamba binti yake hamwozi mtu asiyesali. Basi nikawa nawaambia kwamba mimi husali misa ya kwanza (wao walisali ya pili, nani angenikamata?). Walipokwenda Kigoma kwa ubatizo wa mtoto wa ndugu yao nikajitolea kuwabebea mizigo, na laiti ningebeba mizigo tu nikanyamaza.

Misa imekwisha, tunatoka, jicho langu likaangukia sanamu ya Bikira Maria kando ya mlango. Uso ule! Mshipi wa buluu, na chini ya mguu nyoka wa kijani mwenye tunda mdomoni. Nilimjua kabisa, nikaona nafasi yangu ndiyo hii, nikapiga magoti kwa kishindo, machozi (nusu yake ya kweli) yakanitoka.

"Njo yeye, ni yeye kabisa! Njo Mama Maria wa kwetu! Walimwiba wakati wa fujo, wakamuleta huku! Mi namuona kila siku ya Mungu!"

Kanisa zima likageuka. Akina mama wa Kigoma wakamzingira Bikira wao asije akaporwa, padri akarudi mbio kanzu imevuliwa nusu, nami badala ya kukoma nikaukumbatia mguu wa sanamu.

Papa Felisi akaniinua kwa kola. "Weye mutoto! Maria wa parokia yetu anabeba Yesu kwa mukono, hana nyoka. Huyu wa nyoka iko kwa baa ya Mama Antonia, pa kabati, katikati ya machupa ya bia!"

Ndipo nikakumbuka. Kweli tupu, kila Jumapili asubuhi uso ule niliutazama nikiwa na glasi mkononi. Moyo ukaniuma, nikajua Felisi ndiyo basi tena.

Lakini Mama Felisi hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anamtazama mume wake.

"Na weye, Papa Felisi, kabati ya Mama Antonia unaijulia wapi? Njo kule munafanyiaka mazoezi ya kwaya?"

Melini tukirudi, Mama alikaa katikati yangu na Papa Felisi.

Felisi nilimpata, kwa sharti la Mama: mimi na baba mkwe benchi la mbele kila Jumapili, Mama mwenyewe nyuma yetu. Nami niliapa kwamba ugenini sipigi magoti tena mbele ya sura ninayoijua, mpaka nikumbuke kwanza niliiona wapi, na nani amesimama nyuma yangu.