Dadu Tatu za Arvid

Lorna Thorsgaard alikuwa mwanamke wa kelele. Kwenye kiwanda cha jibini alikofanya kazi, wenzake walisema yeye akiwepo king'ora hakina kazi. Na nyumbani kwake, huko Wisconsin, chumba cha chini ya ardhi lilimokaa tanuri la kupasha nyumba joto ndicho kilichokuwa ufalme wake. Humo, kila Jumapili baada ya kanisa, aliongoza mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa: aliwasimulia wachezaji wake safari za mapangoni na vita vya mazimwi, nao wakamjibu kwa vinywa vya mashujaa waliojitungia. Msimulizi yeye, sheria zake, na asiyezitaka ngazi anaijua.

Sheria kuu ilihusu kuzaliwa kwa shujaa. Unatupa dadu tatu, unajumlisha mwenyewe kwa sauti, unaandika: kwanza nguvu, kisha akili, busara, wepesi, stahamala, mvuto. Kumi na nane ni pandikizi la mtu. Tatu, heri ungebaki kitandani. Hakuna kuhamisha wala kurudia. Ukitaka mchawi na akili ikatoka tano, umepata mchawi bozi, mlee hivyohivyo. "Hata mimi pua hii sikuichagua," Lorna husema.

Jumapili hiyo shujaa alikuwa anazaliwa kwa ajili ya Arvid, ndugu wa marehemu mumewe. Arvid alikuwa fundi wa kuchonga vyuma, hodari wa hesabu za kichwani, na mbishi asiye na mfano. Vuli iliyopita kiharusi kilimwangusha. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, ila hesabu zilirudi zikichechemea. Mkewe, Marlys, alimpigia Lorna simu. "Amekubali kuja mara hii moja tu," alisema. "Akiona hawezi, ndiyo basi, atabaki na televisheni mpaka Mungu amchukue." Lorna alikosa raha wiki nzima. Alimpenda yule mzee, na tangu mumewe afe hakuwa na mtu mwingine wa kugombana naye akafurahi.

Basi Arvid akaja, akakaa. Dewey, tarishi wa mji na mmoja wa wachezaji, akamsogezea bakuli la jibini. Mwenzake, Trudy wa duka la mikate, akamfungulia bia. Wote wawili walikuwa wanatabasamu kupita kiasi.

Arvid akatupa dadu kwa ajili ya nguvu. Nne, tatu, mbili. Aliziangalia, midomo ikimcheza.

"Kumi na moja," akasema.

Ilikuwa tisa. Dewey akatazama dari. Trudy akajitia hamnazo, akapangusa meza isiyo na vumbi. Na Lorna, pamoja na sheria zake zote, akaufyata. Alijiambia ni huruma.

"Kumi na moja, safi kabisa, mzee!" Dewey akasema.

Zamu ya akili. Moja, mbili, moja. Safari hii Arvid hakuziangalia sana. Alimwangalia Dewey, kisha Trudy, kisha Lorna.

"Kumi na tano."

"Hongera!" Trudy akapiga makofi. "Akili za askofu hizo!"

Kilemba cha ukoka, na Lorna akaona jinsi uso wa aliyevikwa ulivyosinyaa. Arvid aliweka penseli chini, akasukuma kiti nyuma, akanyoosha mkono kuchukua koti. "Nadhani nimechoka, shemeji. Marlys ananisubiri."

Hapo Lorna aliogopa kweli. Akimwacha Arvid apande ngazi ile, hatamwona tena mezani pake.

"Kaa chini!" akanguruma. "Nne! Moja na mbili na moja ni nne, mwizi wewe! Na ile ya kwanza ni tisa. Shujaa wako hana nguvu na ni mjinga wa kutupwa, na utamwandika hivyohivyo!"

"Lorna, jamani, mgonjwa huyu!" Trudy akanong'ona.

"Wagonjwa wako hospitali. Hapa yupo mtu anatuibia."

Arvid alishika kiti kwa mikono miwili, akainama. Mabega yakaanza kutikisika. Lorna akaona ameua. Kumbe mzee anacheka, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Tisa niliikosea kweli," akasema alipopata pumzi. "Nikawaona mnatazama dari. Ile nne niliijua, nikaikosea makusudi, nione kama kuna mtu hapa bado anacheza na mimi. Tangu nitoke hospitali hakuna aliyeniambia nimekosea. Juzi nimemtilia Marlys chumvi kwenye kahawa, akainywa yote na kusema asante!"

Lorna alikaa kwa kishindo. Kwa furaha, hakuona haya kujifuta macho kwa aproni.

Arvid akafuta, akaandika tisa, akaandika nne. Akatupa za busara. Mbili zililala sita sita, ya tatu ikaegemea bakuli.

"Tano hiyo!" akadai. "Kumi na saba!"

"Haikulala! Tupa tena!"

"Imelala kabisa, wewe ndiye macho yako yamelala!"

"Arvid Thorsgaard, usinichezee nyumbani kwangu!"

Wakagombana juu ya dadu moja mpaka Trudy akaziba masikio na Dewey akamaliza jibini lote. Arvid alipokuwa anavaa koti jioni, alisimama ngazini.

"Na Jumapili ijayo nikikosea tena?"

"Nitakupigia kelele mpaka Marlys asikie huko kwenu."

"Basi nitakuja mapema," akasema.